Snuka: Mchezo wa Walioalikwa

Kuna mashindano ambayo mtu hujiandikisha mwenyewe, akalipa kiingilio na kungoja zamu yake. Na kuna mengine ambayo hata uwe na fedha na ujuzi, huwezi kubisha hodi. Ni lazima uitwe. Mashindano ya snuka yaitwayo Masters, yanayofanyika London kila mwaka, ni ya aina hii ya pili. Wanaoingia ni wachezaji 16 tu, wale walio juu kabisa katika orodha ya dunia. Ushindi wake hauwaongezei hata alama moja katika orodha hiyo. Wanashindania fedha, kombe na heshima ya kuwa miongoni mwa walioitwa.

Sisi wa Hurlingham, Nairobi, tuna sababu yetu ndogo ya kuyatupia macho mashindano hayo. Yalipoanzishwa mwaka 1975 yalichezwa katika hoteli ya West Centre, mtaa wa Fulham. Na Fulham ndiko iliko Klabu ya Hurlingham, ya mabwana wale waliotunga kanuni za polo huko Uingereza katika miaka ya 1870. Wazungu waliokuja kukaa hapa walipenda kuvipa vilima vyetu majina ya kwao, ndiyo sababu tunaishi katika mtaa wenye jina moja na klabu ya watu wengine. Hata barabara yetu kubwa iliitwa Hurlingham mpaka mwaka 1969, Waziri Argwings Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili, alipofia humo. Ikapewa jina lake. Mtaa wenyewe umebaki na jina la klabu.

Basi mwaka huo wa 1975 wachezaji 10 walialikwa, na fainali ikawakutanisha Mwingereza John Spencer na Ray Reardon wa Wales. Reardon alikuwa mchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa polisi, na aliwahi kufukiwa na udongo mgodini akaokolewa. Walichezea ushindi wa michezo 9. Wakafika 8 kwa 8, na mchezo wa mwisho ukaisha wakiwa sawa kwa alama.

Hapa inafaa nimweleze msomaji asiyeijua snuka. Mezani kuna mipira 15 myekundu, kila mmoja alama 1, na mingine sita ya rangi: wa manjano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6 na mweusi 7. Mweupe ndio unaopigwa kwa fimbo ili uigonge mingine. Ukitumbukiza mwekundu unapata ruhusa ya kupiga wa rangi, ambao hurudishwa mezani mpaka wekundu wote waishe. Mwenye kufuatanisha kila mwekundu na mweusi, kisha akamaliza rangi zote bila kukosea, hupata 147. Lakini wakitoka sare, mpira mweusi hurudishwa peke yake, sarafu ikarushwa kuamua nani aanze, na atakayeutumbukiza ndiye mshindi. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Mashindano mazima yakawa yananing'inia kwenye mpira mmoja mweusi juu ya meza tupu. Spencer akautumbukiza.

Miaka mia moja kamili kabla ya hapo, mwaka 1875, mchezo wenyewe ulikuwa umezaliwa huko Jabalpur, India. Ofisa kijana wa jeshi la Uingereza, Neville Chamberlain (si yule aliyekuwa Waziri Mkuu), alichoka na biliadi wakati wa masika akaongeza mipira ya rangi. Neno snuka lilikuwa la utani. Ndivyo walivyoitwa makuruta wa chuo cha kijeshi cha Woolwich. Maofisa hao walipohamishwa kutoka koloni moja hadi jingine walihama na meza zao, na kwa njia hiyo snuka ikafika Nairobi. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901, ya Muthaiga mwaka 1913. Waafrika na Wahindi hawakukubaliwa kuwa wanachama. Mpaka mwaka 1946 ndipo ilipoanzishwa Klabu ya United Kenya, iliyotaka kuwakalisha watu wa kila rangi pamoja.

Lakini si kweli kwamba Mwafrika hakuwamo katika chumba cha snuka. Alikuwamo kila siku. Nina jirani yangu, mzee wa makamo ya kustaafu zamani, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika chumba kama hicho, kwenye klabu ambayo jina lake halina haja hapa. Alikuwa mtunza alama. Asubuhi alisugua kitambaa cha meza kwa brashi, kisha akakipiga pasi, daima kutoka upande wa kuanzia kuelekea upande wa mpira mweusi, maana sufu ina mlalo wake na ukiirudisha nyuma mpira hupotoka. Jioni alisimama na glavu mikononi, akipanga mipira na kutaja alama kwa Kiingereza.

Nilipomuuliza kama alikuwa akicheza alinitazama kama niliyeuliza kama mpishi hula. Wanachama waliokosa mwenzao walimwita awape mazoezi. Alijua udhaifu wa kila mmoja wao, nani mkono hutetemeka akiwa mbele, nani hawezi kupiga akitumia fimbo ya kuegemezea. Aliwashinda, ila alichagua siku za kuwashinda. Yalipokuja mashindano ya klabu yeye alihesabu alama, kwa kuwa kanuni ilisema ni ya wanachama tu. Uhuru ukaja. Waafrika nao wakaingia, mawaziri, mameneja na mawakili, na mzee anasema baadhi yao walikuwa watu wema sana na wachezaji wabovu sana. Rangi ya waliokaa vitini ilibadilika, lakini kanuni ikabaki pale pale, na yeye akaendelea kutaja alama hadi alipostaafu.

Nilimwonyesha matokeo ya Masters ya mwaka 1979, nikidhani yatamfurahisha, kwa sababu mshindi alitoka bara letu: Perrie Mans wa Afrika Kusini, aliyemshinda Alex Higgins 8 kwa 4, bila kufikisha alama 50 mfululizo hata mara moja katika fainali hiyo. Hakufurahi. Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa nchi ya ubaguzi, na Kenya ilikuwa mstari wa mbele kuisusia katika michezo. Mwaka 1976 wanariadha wetu walikosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu hiyo. Kwa mzee, Mans alikuwa mwanachama mwingine tu. Kilichomvutia ni zile alama 50 ambazo hazikufikiwa. Akasema mtu huyo alishinda kwa kuwafunga wenzake njia, na kwamba ndivyo anavyocheza mtu anayejua kungoja.

Nimeichunguza orodha ya walioalikwa tangu hapo, na wengi sana hawakutoka katika klabu za mabwana. Jimmy White, bingwa wa mwaka 1984, alijifunza akitoroka shule kwenda ukumbi wa mtaani huko Tooting, London. Higgins alianzia ukumbi mmoja wa Belfast ulioitwa Jampot. Mwaka 1993 James Wattana wa Thailand alifika fainali akashindwa na Stephen Hendry 9 kwa 5. Mama yake alikuwa na ukumbi wa snuka Bangkok. Mwaka 2011 fainali ilikuwa ya Waasia watupu, Ding Junhui wa China akimshinda Marco Fu wa Hong Kong 10 kwa 4. Wote hao walipata kwanza meza ambayo mtu hulipia kwa saa bila kuulizwa baba yake ni nani. Kwa hiyo mwaliko wa London, kwa kiburi chake chote, una haki kuliko kanuni ya klabu ya jirani yangu, kwa kuwa hautazami uso. Unahesabu ushindi tu. Taabu ni kuipata hiyo meza ya kuanzia.

Na meza ya snuka si kitu cha kuingiza kwenye kibanda. Urefu wake ni futi 12, upana 6, na chini ya kitambaa kuna mabamba ya mawe yanayoifanya izidi uzito wa tani. Panda matatu ya nambari 46 hapa Hurlingham uteremke Kawangware, utaona meza ya puli, ile ndogo ya mabaa, imezungukwa na vijana kuanzia mchana. Wengine wana mikono ya ajabu. Mzee nami tulikwenda Jumamosi moja tukakaa pembeni na soda zetu. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaninong'oneza kwamba yule mrefu wa shati la buluu ana jicho, ila anainua kichwa kabla ya kumaliza kupiga. Dakika chache baadaye alikuwa amesimama kando ya meza, ameushika mkono wa kijana yule, akimwonyesha.