Chama Kwanza, Ukumbi Baadaye

Mwaka 1507 mji wa Barawa ulichomwa moto. Aliyeuchoma alikuwa Mreno mwenye msafara wa merikebu za vita, jina lake Tristão da Cunha. Kabla ya kufika Barawa alikuwa ameshaupora mji wa Oja, karibu na mlango wa mto Tana, na watu wa Lamu walikubali kumlipa kodi ili awapishe salama. Sisi watu wa pwani hatuna deni la kumkumbuka kwa wema. Ila bwana huyo, akiwa bado njiani kuja kututesa, aliona kisiwa katikati ya bahari ya Atlantiki. Hiyo ilikuwa 1506. Hakuteremka. Alikipa jina lake tu, akaenda zake.

Leo, wanangu, nitawasimulia kisiwa hicho. Jina la mtu mbaya limekaa juu ya watu wema, na wao hawana kosa. Hasa nataka mjue ukumbi wao wa kijiji na vyama vyao, maana kisa chake kimekwenda kinyume na tulivyozoea. Kwetu mara nyingi jengo hutangulia: linajengwa, linazinduliwa kwa hotuba, kisha tunaanza kutafuta wa kulitumia. Kwao chama kilianza miaka mingi kabla hata ya tofali la ukumbi.

Chukueni ramani. Wekeni kidole Cape Town, mkisogeze magharibi baharini kama kilometa 2,800. Hapo ndipo Tristan da Cunha. Jirani wa karibu mwenye watu ni kisiwa cha St Helena, naye yuko kilometa zaidi ya 2,400 upande wa kaskazini. Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano uliochomoza baharini mpaka mita 2,062, na pande zake nyingi ni majabali yanayoshuka wima mpaka majini. Pamebaki kipande kidogo cha uwanda upande wa kaskazini-magharibi, na hapo ndipo kilipo kijiji kimoja tu, ambacho ramani hukiita Edinburgh of the Seven Seas. Watu wake wote, wakubwa kwa wadogo, hawazidi 250. Shule nyingi mnazosoma ninyi zina wanafunzi wengi kuliko hao.

Walifikaje huko? Kwa sababu ya mfungwa. Napoleon, mfalme wa Wafaransa, alipofungwa St Helena, Waingereza waliogopa watu wake wasije wakamtorosha kupitia Tristan. Mwaka 1816 wakapeleka kikosi cha askari kukilinda kisiwa hicho. Mwaka uliofuata wakaona wanapoteza fedha bure, wakawaamuru askari warudi. Koplo mmoja Mskoti, William Glass, akaomba abaki na mkewe Maria, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema, na watoto wao wawili. Mafundi waashi wawili kutoka Uingereza, Samuel Burnell na John Nankivel, wakabaki nao.

Tarehe 7 Novemba 1817 watu hao wakaandika mkataba. Ungeweza kuuandika kwenye karatasi moja ya daftari lako. Mifugo na vifaa ni mali ya wote kwa sawa. Faida igawanywe sawa. Gharama zilipwe sawa. Na ili pasiwe na ugomvi, asiwepo mtu yeyote wa kujiona mkubwa kuliko mwenzake. Fikirieni mwaka wenyewe: sehemu kubwa ya dunia inaendeshwa na wafalme na masultani, biashara ya watumwa bado inaendelea, na koplo ambaye jana alikuwa akipiga saluti anatia saini kwamba hapa hapana bwana. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku chama chao kilipozinduliwa. Wanachama walikuwa watu wazima wanne, na ukumbi wao ulikuwa jiko la Bi Maria.

Mafundi wale wawili hawakukaa sana. Wakaja wengine: mabaharia waliochoka bahari, na waliovunjikiwa meli. Ikafika hali kwamba kisiwa kina makapera watano, na mke ni Maria peke yake. Mwaka 1827 wakamwomba nahodha mmoja awatafutie wachumba huko St Helena. Nahodha akarudi na wanawake watano. Husimuliwa kwamba mmoja wa makapera wale, Thomas Swain, alikuwa ameapa kumwoa mwanamke wa kwanza atakayekanyaga ufukwe, na akaitimiza ahadi. Ukweli wa kiapo hicho wanaujua wenyewe, lakini ukoo wa Swain upo kisiwani hadi leo. Kwa miaka mingi koo zilikuwa saba tu: Glass, Swain, Green, Rogers, Hagan, Repetto na Lavarello. Hizo mbili za mwisho zimetokana na mabaharia Waitaliano ambao meli yao iliharibikia hapo mwaka 1892.

Sasa tuje kwenye vyama vyenyewe. Msitafute kadi za uanachama wala mihuri. Chama cha kwanza kilikuwa mashua. Kisiwa hakina miti ya kupasua mbao, kwa hiyo waliunda mashua ndefu kwa mifupa ya mti, wakaivika turubai na kuipaka rangi. Mtu mmoja hawezi kuimiliki mashua ya namna hiyo, wala hawezi kuiteremsha majini peke yake. Ilikuwa mali ya mabaharia wake wote, na kila mmoja alikuwa na fungu lake. Chama cha pili kilikuwa paa. Nyumba zao zilikuwa fupi, kuta nene za mawe, juu zimeezekwa kwa majani marefu magumu yenye nyuzi. Paa likichakaa, mwenye nyumba huita msaragambo: majirani wanapanda, kazi inakwisha, wanawake wa nyumba hiyo wanapika, watu wanakula. Jioni panakuwa na muziki na ngoma humo humo ndani. Wengine wetu tunaimba ujamaa na harambee majukwaani. Wao waliufanya bila hata kuupa jina.

Umoja huo ulipimwa vibaya mwaka 1885. Siku moja ya Novemba ilionekana meli ikipita. Wanaume 15 wakaingia mashuani kuifuata ili wabadilishane vyakula na bidhaa, kama walivyozoea. Hawakurudi hata mmoja. Kijiji kilibaki na wajane, yatima na wanaume wachache mno. 

Chama chenye sare na bendera kilikuja mwaka 1922. Kasisi Henry Martyn Rogers alifika pamoja na mkewe Rose, akaanzisha kikundi cha skauti miongoni mwa vijana wa kisiwa. Mwaka huohuo meli Quest, iliyokuwa ya mvumbuzi Shackleton aliyefia safarini, ilitia nanga hapo. Ndani yake alikuwamo kijana skauti, James Marr, aliyewakabidhi wenzake bendera iliyotoka kwa mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell mwenyewe. Mkenya akisoma hapa atatabasamu: Baden-Powell ndiye yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941. Kasisi na wanakijiji wakajenga pia kanisa la St Mary's, likamalizika 1923. Hilo likawa jengo lao kubwa la kwanza la kukutania watu wote.

Vita Kuu ya Pili ikaleta wageni wa aina nyingine. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza liliweka kituo cha redio cha kusikiliza nyambizi za adui. Wakaja na daktari, gazeti dogo na fedha. Kabla yao fedha haikuwa na maana sana. Viazi ndivyo vilivyokuwa hesabu ya maisha. Hata mwaka 1946, bwana mmoja, Allan Crawford, alipobuni stempu ya kisiwa ili kuishawishi serikali ya Uingereza ikitolee kisiwa stempu zake, aliandika juu yake bei mbili: peni moja, au viazi vinne. Nawaambia kweli, ukiipata stempu hiyo leo usiibandike kwenye barua.

Baada ya vita kikaja kiwanda cha kambakoche. Watu wakaanza kulipwa mshahara, wakanunua bati, redio na viatu. Januari 1957 akafika mgeni mkubwa: Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, kwa meli Britannia. Ukumbi wa kijiji ndio uliolibeba jina lake, Prince Philip Hall. Ilikuwa imepita miaka 140 hivi tangu mkataba wa Glass. Hebu pigeni hesabu: vizazi vingapi vilicheza ngoma sebuleni kabla ya kupata sakafu pana?

Na sakafu ile hawakuifaidi sana kwanza. Mwaka 1961, kuanzia Agosti, ardhi ilianza kutetemeka. Mawe yakaporomoka, milango ikakataa kufunguka. Oktoba ardhi ikapasuka karibu kabisa na nyumba, na kilima cha moto kikaanza kuinuka kama andazi ndani ya mafuta. Watu wote 264 wakaingia kwenye mashua, wakalala usiku mmoja kisiwa cha jirani cha Nightingale, kisha meli ya Kiholanzi ikawachukua mpaka Cape Town, na nyingine ikawapeleka Uingereza.

Huko wakawekwa kwanza kambi ya jeshi, baadaye Calshot, penye nyumba zilizokuwa za jeshi la anga. Walipewa kazi, shule, umeme, hospitali. Waingereza wenyeji walidhani wageni hao wameokolewa kutoka shimoni. Lakini baridi na mafua ya Uingereza yaliwaua wazee kadhaa, kwa kuwa vifua vyao havikuyazoea magonjwa ya mjini. Tena waligundua jambo lililowashangaza: huko lazima ufunge mlango kwa ufunguo.

Desemba 1962 wakapiga kura, kubaki au kurudi. Waliotaka kurudi walikuwa 148. Waliotaka kubaki walikuwa 5. Magazeti yaliandika kwa mshangao, eti watu gani hawa wanaoukataa ustaarabu! Mimi sioni cha kushangaza. Kilichokuwa kimevunjika ni kiwanda na fukwe mbili za kushukia, vilivyofunikwa na lava. Nyumba karibu zote zilikuwa zimesimama. Na chama chenyewe kilikuwa kizima: kilikuwa kimekaa pamoja Calshot zaidi ya miezi kumi, mtaa mmoja, kura moja. Novemba 1963 kundi kubwa likarudi. Mbwa walioachwa walikuwa wamewamaliza kondoo. Watu wakaanza upya na viazi.

Siku hizi Prince Philip Hall haupumziki. Harusi ikiwapo, mwaliko ni wa kijiji kizima, maana ukichagua wageni katika watu 250 utamwacha nani? Sherehe za kuzaliwa hufanyika humo, na dansi, na mikusanyiko ya sikukuu. Pembeni ya ukumbi kuna baa iitwayo Albatross. Hiyo ninyi haiwahusu. Nje ya ukumbi mambo ya vikundi yanaendelea vilevile. Kuna siku ya panya: panya walifika kwa meli iliyovunjika mwaka 1882 na ni maadui wa viazi, kwa hiyo mara moja kwa mwaka kijiji hujigawa timu, kila timu inasaka, mikia inahesabiwa, na mwenye mkia mrefu kupita yote anapata zawadi. Kuna siku ya kukata manyoya ya kondoo. Na usiku wa tarehe 31 Desemba wanaume huvaa vinyago na matambara, wakaitwa Okalolies, wakazunguka kijijini kwa makelele wakiwatisha wanawake na watoto. Hakuna anayejua nani yuko ndani ya kinyago kipi, ingawa nadhani katika kijiji kidogo vile kila mtu anamjua mwenzake hata kwa mwendo.

Mkataba wa 1817 haukuishia makumbusho. Ardhi ya kisiwa bado ni ya jumuiya. Mgeni hawezi kununua kiwanja hata awe na fedha za kuijaza mashua. Idadi ya ng'ombe na kondoo kwa kila kaya imewekewa mpaka, tajiri asije akamaliza malisho ya wengine. Baraza la kisiwa lina wajumbe 8 wa kuchaguliwa na 3 wa kuteuliwa. Katika wale wa kuchaguliwa lazima awemo mwanamke asiyepungua mmoja, na mkuu wa wenyeji naye huchaguliwa kwa kura. Mwaka 2003 nafasi hiyo ilikwenda kwa mwanamke, Anne Green.

Ikiwa kati yenu yupo atakayetaka kwenda kuuona ukumbi huo, aanze kwa kuandika barua: baraza ndilo linalotoa ruhusa, na bila ruhusa hapati nafasi melini. Meli huondoka Cape Town mara chache kwa mwaka, na safari ni karibu wiki nzima. Akifika, huenda akasubiri siku kadhaa ndani ya meli mpaka bahari itulie ndipo ashushwe. Uwanja wa ndege hakuna.