Abiria aelezwe sababu, asipewe amri tu

Majuzi nilikuwa ndani ya ndege iliyojiandaa kupaa kutoka Nairobi kuelekea Mombasa. Mhudumu alipomaliza kutangaza kwa Kiingereza, aligeukia Kiswahili akatuomba tuziweke simu zetu "katika hali ya ndege". Mama mmoja wa umri wa mamangu, aliyeketi kando yangu, alinitazama kwa wasiwasi.

"Mwanangu, kwani hali ya ndege ina nini?"

"Ndege ni nzima, Mama. Wanataka simu isitoe mawimbi," nikamjibu, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Kosa halikuwa lake. Yeye alisikia Kiswahili, akakielewa kama Kiswahili. Aliyetafsiri ndiye aliyeyahamisha maneno ya Kiingereza moja moja bila kujiuliza yatamfikiaje asiyeijua lugha hiyo.

Na amri yenyewe ina maana. Redio ndogo ya FM, ingawa kazi yake ni kupokea, huzalisha mawimbi yake ndani, aghalabu yakizidi yale ya stesheni kwa megahezi 10.7. Anayesikiliza stesheni ya megahezi 100 huzalisha 110.7, ilhali masafa ya kati ya 108 na 118 hutumiwa na mitambo inayomwonyesha rubani njia. Ndiyo maana mwaka wa 1966 Marekani iliweka kanuni ya kuzuia vifaa hivyo, ikavisamehe vya kusaidia masikio na, ajabu, mashine za kunyolea ndevu! Mnamo Oktoba 2013 nchi hiyo ililegeza kamba: mashirika yaliyothibitisha kwamba ndege zao zinahimili mawimbi hayo yakaweza kuwaruhusu abiria kutumia vifaa vidogo hata wakati wa kupaa na kutua, mradi simu zisitafute mawasiliano. Tarakilishi za kupakata ziliendelea kufungiwa, kwa kuwa ndege ikitikisika ghafla kitu kizito huruka na kujeruhi.

Wanafunzi wangu hunidhihaki kwamba hawajasikia ndege iliyoangushwa na simu. Hoja hiyo ni dhaifu. Nani hajaisikia redio ya nyumbani ikikoroma simu iliyo karibu inapokaribia kulia? Kelele kama hiyo huweza kuingia katika visikizi vya rubani, naye wakati wa kutua anahitaji kulisikia kila neno la mwongozaji. Maelezo hayo hayamshindi hata mtoto wa darasa la nne, lakini sijawahi kuyasikia yakitangazwa ndegeni.

Niliporejea niliwapa wanafunzi zoezi la kuliandika tangazo hilo upya kwa sentensi moja. Mmoja akaandika: "Zuieni simu zisitafute mtandao hadi tutue, ili rubani asikie vizuri." Mwenzake akapinga kwamba siku hizi "mtandao" kwa wengi ni intaneti, si mawasiliano ya simu, na tukabishana hadi kipindi kikaisha.