Sera za Kinshasa na Kudhoofika kwa Beni na Butembo

Kudhoofika kwa miji ya Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuelezwi na vita peke yake, kwa maana maamuzi yaliyotoka Kinshasa nayo yameijeruhi. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza uzairishaji, yaani kuwanyang'anya wageni mashamba na maduka na kuwapa raia, wengi wao wakiwa vipenzi vya watawala. Biashara nyingi zikafilisika, na baadaye wafanyabiashara wa kabila la Wanande wa Butembo wakachanga fedha zao kutengeneza barabara ambazo dola ilipaswa kuzitunza.

Desemba 2018, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo, wapiga kura wa Beni na Butembo waliahirishiwa uchaguzi hadi Machi 2019, wakati rais mpya alikwisha kuapishwa: dhuluma isiyosahaulika. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi, ambamo maafisa wa jeshi na polisi walishika nafasi za gavana na mameya, lakini mauaji yanayofanywa na ADF, kundi la waasi wenye asili ya Uganda, hayakukoma, na mkulima wa Bungulu, komini mojawapo ya Beni, asiyethubutu kufika shambani, hana kakao ya kupeleka sokoni.