Assyrtiko: Zabibu Nyeupe ya Santorini na Bei ya Uhaba

Miongoni mwa zabibu nyeupe za ukanda wa Mediterania, Assyrtiko, yenye asili ya kisiwa cha Santorini nchini Ugiriki, huthaminiwa sokoni kwa sifa iliyo adimu katika mashamba ya joto: huiva ikiwa na sukari nyingi bila kupoteza asidi yake, yaani ule uchachu unaouchangamsha mvinyo na kuuwezesha kukaa chupani kwa miaka mingi. Ndiyo maana hutoa mvinyo mkavu, ambao sukari yake karibu yote imegeuka kileo, na pia Vinsanto, mvinyo mtamu wa zabibu zilizoanikwa juani, ambao hukomazwa katika mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 2.

Udongo wa kisiwa hicho ni majivu na mawe mepesi ya volkano, na kwa kuwa hauna mfinyanzi wa kutosha, filoksera, mdudu mdogo afyonzaye mizizi aliyeangamiza mashamba mengi ya Ulaya katika karne ya 19, hakuweza kustawi humo. Hivyo mizabibu humea kwa mizizi yake yenyewe bila kubebeshwa kwenye mashina yenye asili ya Marekani. Hata hivyo, mvua ni haba na upepo ni mkali, jambo linalowalazimu wakulima kuyasuka matawi kwa mkono, karibu kabisa na ardhi, mpaka yafanye umbo la kikapu, nazo zabibu hukua ndani yake zikiwa zimekingwa dhidi ya mchanga upeperushwao. Mtindo huo, uitwao kouloura, hauruhusu mashine, na mavuno kwa hekta ni madogo.

Gharama hiyo ya kazi hukutana na ushindani wa ardhi, kwa kuwa utalii hulipa haraka kuliko kilimo na shamba linaloelekea bahari huvutia wajenzi wa hoteli. Kadiri zabibu zinavyopungua na wanunuzi kuongezeka, ndivyo bei inavyopanda, na Assyrtiko imeanza kupandwa kwingineko: Ugiriki bara, na hata Clare Valley nchini Australia, ambako kampuni ya Jim Barry iliingiza sokoni mvinyo wake wa mavuno ya 2016. Wakulima hao wanaweza kuuza zabibu ileile, ila si jina la Santorini, ambalo sheria ya Ugiriki imelilinda tangu 1971. Kwa hiyo thamani ya jina hilo itategemea kama mapato ya mvinyo yatatosha kumbakiza mkulima shambani.