Taya Lisilokaa Sawa: Je, Kulitengeneza ni Kubadilisha Maumbile?



Katika nyumba zetu huenda yuko binti ambaye, akipewa hamri asubuhi, huligeuza pembeni alikate kwa magego, kwa sababu meno yake ya mbele hayakutani. Akienda chuoni, maalimu humrudisha mara kwa mara kwenye herufi ya siin, kwani huitoa kama thaa, na wenzake humcheka. Akirudi nyumbani, bibi husema: "Muacheni mtoto, hata babake alikuwa hivyo hivyo." Naye binti hujifunza kucheka huku ameziba kinywa kwa ncha ya mtandio.

Leo tuzungumzie hali hiyo, tiba yake, na swali ambalo kina mama wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, kupasuliwa taya si kuingilia umbo alilolitoa Mwenyezi Mungu?

Mwanadamu ana mataya mawili. La juu limeshikamana na fuvu. La chini ndilo linalocheza. Yakikua kwa vipimo visivyolingana, meno hayakai mahali pake. Kuna ambaye taya la chini limetangulia mbele, na kuna ambaye limebaki nyuma. Mwengine magego hukutana lakini meno ya mbele hubaki wazi, na mwengine uso huelemea upande mmoja. Aghlabu hali hii hurithiwa. Wakati mwengine huzaliwa nayo mtoto mwenye mdomo au kaakaa lililopasuka, au husababishwa na kuanguka vibaya kwa kidevu utotoni. Kunyonya kidole kwa miaka mingi nako huyasukuma meno ya mbele yakaachana.

Madhara yake hayaishii kwenye sura. Chakula hakitafuniki vyema, baadhi ya meno hulika kabla ya wakati, na maungio ya taya yaliyo karibu na masikio huweza kuuma. Matamshi huharibika. Mwenye taya dogo la chini huweza kuzibwa na ulimi wake njia ya pumzi akilala, akakoroma na kukatikiwa na pumzi usiku, kisha akaamka amechoka.

Si kila hali ya namna hii huhitaji kisu. Mtoto ambaye mifupa yake ingali yakua, daktari wa kupanga meno huweza kumsaidia kwa nyaya na vifaa vya kuliongoza taya. Kwa hivyo ni vyema mtoto akaguliwe mapema, akifikia miaka saba hivi. Ama mtu mzima, nyaya huyasogeza meno lakini haziusogezi mfupa wenyewe. Hapo ndipo upasuaji unapoingia, na hufanywa baada ya ukuaji wa uso kukamilika: kwa wasichana, kwa kawaida mwishoni mwa ubarobaro; kwa wavulana, baadaye kidogo.

Tiba hii si ngeni. Mwaka 1849, daktari Simon Hullihen wa Marekani alilirekebisha taya la msichana lililokuwa limepotoka kwa kuvutwa na kovu la moto. Mnamo 1957, Richard Trauner na Hugo Obwegeser walieleza njia ya kulikata taya la chini kupitia ndani ya kinywa, na njia hiyo, pamoja na marekebisho yake, yatumika hadi leo. Faida yake ni kwamba uso kwa kawaida haubaki na kovu.

Safari yenyewe ni ndefu. Mgonjwa huvaa nyaya mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupasuliwa. Siku ya upasuaji hulazwa usingizi wa dawa, mfupa hukatwa, husogezwa, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Uso huvimba wiki kadhaa. Chakula huwa uji, supu, maziwa na vilivyosagwa, na mfupa huchukua takribani wiki 6 kushikana. Baadaye nyaya huendelea kwa miezi mingine. Hatari zipo, na lazima zielezwe kabla ya kutia sahihi: kutokwa na damu, maambukizi, taya kurudi nyuma kidogo, na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, ambayo kwa wengine haiondoki kabisa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) amewakemea wanaochonga meno kwa ajili ya urembo, na wanazuoni wameizingatia sababu hiyo ya urembo. Kwa upande mwengine, sahaba Arfaja bin As'ad alikatika pua vitani. Akatengeneza ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Malaysia, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo au zilizoletwa na ajali au maradhi pale zinapomdhuru mtu, mwilini au nafsini. Likakataza ule wa kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio.

Mizani basi ni madhara. Binti asiyeweza kutafuna au kupumua vyema hatafuti urembo, atafuta afya. Ama mwenye taya zima, anayetaka kidevu kama cha mtu aliyemwona kwenye simu, huyo na amche Mola wake na aihifadhi pesa ya wazazi wake. Palipo na shaka, daktari aulizwe kuhusu madhara, na shehe aulizwe kuhusu hukumu.

Mkiamua, pangeni tarehe iliyo mbali na Ramadhani, kwani mgonjwa huhitaji kulishwa kidogo kidogo mchana kutwa. Na asihofu kuhusu udhu: katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, kusukutua ni sunna, na udhu wa aliyekuacha husihi. Ulizeni gharama yote mapema, pamoja na ya nyaya, na mwombe barua ya daktari inayoeleza madhara ya kiafya, ili bima isiidhanie tiba hii kuwa ni urembo.

Kesho asubuhi, mamangu, mtazame mwanao anavyolikata hamri lake. Ukiona analigeuza pembeni, usimkaripie wala usimcheke. Mpeleke akaguliwe, kwani wakati wa kumsaidia bila kisu haungoji.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.