Dawa ikikosekana dirishani, sikiliza majibu ya waliotia sahihi

MAMA amefika kliniki na mtoto wa miezi minane anayeharisha. Anaandikiwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) pamoja na vidonge vya zinki. Kwenye dirisha la dawa anajibiwa: “Zimeisha, kanunue duka la nje.”

Huenda nawe umewahi kurudishwa hivyo. Ukiwa umesimama pale na karatasi mkononi, ni rahisi kumkasirikia aliye dirishani. Lakini mara nyingi dawa hukosekana ofisini kabla ya kukosekana hospitalini. Kuna mtu aliyepaswa kuagiza, kulipa na kutia sahihi.

Ndiyo maana leo nakuomba usibadilishe chaneli maafisa wakianza kuhojiwa bungeni kuhusu zabuni za afya. Majibu yao yanahusu mwili wako na wa mwanao.

Kumbuka sakata ya Covid-19 katika mamlaka ya kusambaza dawa na vifaa vya matibabu, KEMSA. Agosti 2020, baada ya vyombo vya habari kufichua jinsi zabuni zilivyotolewa, mkurugenzi mkuu na wakurugenzi wawili walisimamishwa kazi. Kamati za Seneti na Bunge la Kitaifa zikaanza kuwahoji wahusika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza ununuzi wa takriban Sh7.8 bilioni na kusema kuwa sheria za ununuzi zilikiukwa.

Wakati huo huo, madaktari na wauguzi walikuwa wakilalamikia uhaba wa vifaa vya kujikinga, na baadhi yao waligoma. Daktari wa kwanza kufariki kwa Covid-19 humu nchini alikufa Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 39. Mhudumu asiye na kinga huweza kuambukizwa na kuwaambukiza wagonjwa wengine, na akiugua, foleni yako kliniki hurefuka.

Katika vikao vya aina hii, kuna majibu matatu utakayoyasikia tena na tena.

“Ilikuwa dharura”

Jibu hili lina ukweli. Mapema 2020 dunia nzima iligombania barakoa na bei zikapanda. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu kununua moja kwa moja, bila kushindanisha wauzaji, kukiwa na hitaji la haraka.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamkataza afisa kuanza kununua kabla ya kuhakikisha kuna pesa katika bajeti iliyoidhinishwa. Hata sisi chumba cha dharura tunakimbia, lakini hatuachi kuandika tumempa mgonjwa dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Afisa akitaja dharura, subiri usikie kama ana rekodi.

“Niliagizwa na wakubwa”

Jonah Manjari, mkurugenzi mkuu aliyesimamishwa, aliambia wabunge kuwa alishinikizwa kutoka wizarani. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, na Katibu Susan Mochache walikana madai hayo.

Si kazi ya safu hii kuamua nani alisema kweli. Lakini fikiria muuguzi aliyeandikiwa na daktari dozi inayozidi uzani wa mtoto mara kumi. Hatakiwi kudunga kisha aseme, “Daktari aliandika.” Anapaswa kusimama na kuuliza. Daktari naye hawezi kujitetea kwamba si yeye aliyeshika sindano.

Katiba yetu inafuata mantiki hiyo. Kifungu cha 226(5) kinasema afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara itakayotokea, awe bado ofisini au ameshaondoka. Anayeamuru na anayetia sahihi wote wana la kujibu.

“Utaratibu ulifuatwa”

Hapa uliza swali moja tu: vifaa vilimfikia mgonjwa? Katika sakata ya KEMSA, shehena ya mabilioni ilikwama maghalani. Ilinunuliwa kwa bei ya juu, kisha bei za soko zikashuka na kaunti zikaona nafuu kununua kwingine. Barakoa iliyo ghalani haimkingi mtu.

Tukumbuke pia kuwa tuhuma si hatia. Afisa mwaminifu hunufaika na maswali mazuri, kwa sababu karatasi zake humtetea.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, mhudumie mtoto. Ukiambiwa dawa imeisha, uliza kama kuna mbadala au kituo cha karibu kilicho nayo. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya na kupewa ORS kidogo kidogo. Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunyonya au kinyesi kikiwa na damu, mrudishe hospitalini mara moja.

Pili, uliza kwa upole: dawa hii iliagizwa lini, na inatarajiwa lini? Mhudumu wa dirishani huenda naye anaumia kama wewe. Mwulize msimamizi wa kituo.

Tatu, tunza karatasi ya daktari na risiti ya dawa uliyonunua nje. Wazazi kumi wenye risiti za mwezi mmoja wana ushahidi, si malalamiko tu. Upelekeni kwa kamati ya usimamizi wa kituo au kwa mwakilishi wenu wa wadi.

Nne, mkinyamaziwa, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Ikikataa, Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko.

Wakati mwingine kikao cha uchunguzi kikirushwa moja kwa moja, keti usikilize. Weka karibu ile karatasi uliyorudishwa nayo, na uone kama yupo anayeijibu.