Ute wa Seli na Kovu Linywealo: Maneno ya Kueleza Ugonjwa wa Vikope

Miongoni mwa magonjwa ya macho yajulikanayo katika Ugogo umo ugonjwa wa vikope, ambao waganga wa hospitali huuita trakoma. Mwalimu akaaye Bahi, katika nchi ya mvua ya msimu mmoja na mifugo mingi, yampasa kuwa tayari kuulizwa habari zake. Waulizaji hutaka kujua mambo mawili: ugonjwa hukaa wapi, na kwa nini kope hugeuka zikalichoma jicho. Tumeona vema kuyapambanua maneno yatakiwayo katika majibu hayo, maana neno likikosewa, mgonjwa naye hukosea njia ya kutafuta dawa.

Kwanza, seli. Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo hata hazionekani kwa macho matupu. Seli kwa kawaida ina utando wa nje, tena ina kiini; na kati ya hivyo viwili mna kitu laini mfano wa uji mzito. Vitabu vingine hukiita saitoplazimu. Sisi twaona ute wa seli ni neno jema, kwa kuwa ute kila mtu aujua. Lakini na ajihadhari yeye afundishaye kwa mfano wa yai la kuku. Ute mweupe wa yai u nje ya seli; na kile kiini cha manjano si kiini cha seli, bali ni akiba ya chakula iliyomo ndani ya seli yenyewe. Afadhali embe bivu: ganda ni utando, nyama ni ute, kokwa ni kiini.

Mwaka 1907, huko Java, Halberstaedter na von Prowazek waliona ndani ya ute wa seli za kope zenye ugonjwa mafungu ya chembe ndogo mno. Hizo ndizo bakteria ziitwazo leo Chlamydia trachomatis. Huingia katika seli, hukaa ndani ya kifuko katika ute, huongezeka hata seli ikapasuka, kisha huzishika seli nyingine. Kwa hiyo maji ya kunawa huzuia ugonjwa usienee, lakini hayaufikii uliokwisha kuingia. Yatakiwa dawa ipenyayo ndani ya seli, kama azithromaisini.

Pili, maneno ya kubana. Kiswahili kina mengi, wala hayana maana moja. Kukaza ni kazi ya misuli: mwenye pumu, misuli ya njia zake za pumzi hukaza, njia ikawa nyembamba; akipata dawa, hulegea. Kufinywa ni kama kiuno cha kibuyu: seli ya mnyama ikigawanyika, hufinywa katikati hata zikawa mbili. Kunywea ni kupungua kwa kitu chenyewe, kama ngozi mbichi iliyowambwa juu ya ngoma ikikauka.

Basi kope la mgonjwa halikukaza, wala halikufinywa. Mtoto aliyeambukizwa mara nyingi kwa miaka hupata makovu upande wa ndani wa kope. Makovu yakinywea, huuvuta ukingo wa kope ndani, na nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho hata kikaingia weupe. Mama akiambiwa, "Kope limekaza," atangoja dawa ya kulilegeza. Akiambiwa, "Kovu limenywea," ataelewa kwamba halirudi lilivyokuwa, na kwamba mganga hana budi kupasua kope na kuugeuza ukingo wake nje. Wako wazing'oao nywele hizo kwa kikoleo. Lakini huota tena, na kovu li pale pale.

Wanawake hupatwa na makovu hayo kuliko wanaume, kwa sababu ndio waleao watoto, na watoto ndio wenye ugonjwa mbichi. Huenezwa kwa mikono, kwa nguo, na kwa nzi watuao usoni. Kwa hiyo mwalimu asingoje kope ligeuke ndipo aseme. Na awaeleze watoto kwamba ugonjwa hukaa ndani ya ute wa seli kabla haujaacha kovu, na kwamba wakati huo dawa bado yaweza kuufikia. Tena awazoeze kunawa uso, hata maji yakiwa machache. Na wazazi awahimize kuchimba vyoo, kwa kuwa nzi hao huzaana katika kinyesi kilichoachwa wazi.